Mwongozo Kamili: Namna Kikundi cha Kanisa Kinavyoweza Kupeleka Maoni Bungeni Kuhusu Muswada wa Kubadili Adhabu za Jinai

Mara ya kwanza kikundi chetu cha makanisa ya Chang'ombe na Nkuhungu kilipopeleka maoni bungeni, tulibeba kurasa kumi na moja zenye mistari ishirini na mitatu ya Biblia, na hapakuwa na namba hata moja ya ibara ya muswada. Mtumishi aliyezipokea alizigeuza taratibu hadi mwisho, kisha akamuuliza mama aliyetuongoza: "Sasa Mama Mchungaji, mnataka neno gani lifutwe?" Tulikuwa sita, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Tangu hapo nimesoma rasimu za vikundi vingine vya Dodoma, Kongwa na Mpwapwa, na kosa ni lile lile. Tunaandika hotuba, ilhali kamati ya Bunge inafanya kazi kwa maneno: neno hili lifutwe, neno lile liwekwe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye hotuba kwenda kwenye maneno hayo.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kwanza, muswada wenyewe, mzima, kama ulivyochapishwa. Unapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Ule muhtasari unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp usiutumie hata kama umetumwa na mtu mnayemwamini.

Pili, sheria mama, yaani ile inayorekebishwa. Kwa masuala ya adhabu, mara nyingi itakuwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, au Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Nyingine zinazoguswa ni Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu, Sura ya 90, Sheria ya Huduma kwa Jamii, Sura ya 291, na Sheria ya Bodi za Parole, Sura ya 400 (parole ni kumruhusu mfungwa amalizie kifungo chake nje ya gereza). Hakikisheni toleo lenu la urekebu, yaani chapa rasmi ya sheria yenye marekebisho yaliyokwisha kuingizwa, ni lile ambalo muswada unalitaja, kwa sababu namba za vifungu zinaweza kuhama kutoka toleo moja hadi jingine, na maoni yanayotaja kifungu kisicho chenyewe huonekana ya watu ambao hawakusoma.

Tatu, Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 21 inawapa haki ya kushiriki katika mambo ya nchi, na Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni. Ibara ya 13(6) inakataza adhabu za kutesa au kudhalilisha.

Nne, barua ya utambulisho kutoka kwa Baba Askofu au mchungaji kiongozi, pamoja na nakala ya usajili wa kanisa. Kama hamkupata baraka za kanisa, bado mnaweza kwenda, lakini nendeni kama raia mnaotaja majina yenu, msijiite kanisa. Nimeona kikundi kikikanushwa na dayosisi yake siku mbili baada ya kuwasilisha, na maoni yao, ambayo yalikuwa mazuri, yakafa hapo.

Tano, watu wasiopungua watano: wa kuandika, wa kuzungumza, mmoja aliyesoma sheria (hata mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, anafaa), mmoja anayehudumu magerezani, na mmoja aliyewahi kutendewa kosa la jinai. Huyu wa mwisho ndiye ambaye vikundi vingi humsahau.

Hatua ya 1: Jueni muswada umefika wapi

Muswada ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali husomwa bungeni mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Kwa adhabu za jinai ni kamati inayoshughulikia Katiba na Sheria. Hapo ndipo wadau hualikwa kutoa maoni. Baada ya hapo unasomwa mara ya pili, unapita Kamati ya Bunge Zima, unasomwa mara ya tatu, kisha unakwenda kwa Rais.

Nafasi yenu iko kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili, na wakati mwingine huwa siku chache tu. Ukija kwa hati ya dharura, unaweza kumaliza hatua zote katika mkutano mmoja wa Bunge. Kwa hiyo msisubiri tangazo ndipo mkutane, bali anzeni kazi siku muswada unapochapishwa.

Zaidi ya hapo, wazo la sheria huanza kabla ya muswada. Tume ya Kurekebisha Sheria na Wizara ya Katiba na Sheria, ambazo kwa bahati nzuri ziko hapa hapa Dodoma, hupokea maoni wakati wowote. Nauli ya daladala kwenda Mtumba, penye mji wa Serikali, mwaka mmoja kabla ya muswada ina faida kuliko suti mpya siku ya kikao.

*Mmefaulu ikiwa* mnaweza kusema kwa sentensi moja: muswada uko hatua fulani, kamati ni fulani, na mwisho wa kupokea maoni ni tarehe fulani.

Hatua ya 2: Someni muswada huku sheria mama ikiwa wazi mezani

Muswada wa marekebisho hausomeki peke yake. Utakuta umeandikwa hivi: sheria mama inarekebishwa katika kifungu fulani kwa kufuta maneno haya na badala yake kuweka maneno yale. Msomaji asiye na sheria mama mbele yake haoni kitu. Fungueni zote mbili, chukueni penseli, na yaandikeni mabadiliko ndani ya sheria mama yenyewe, kisha someni kifungu kizima kwa sauti kama kitakavyokuwa.

Katika sheria za adhabu yapo maneno madogo yanayobeba maisha ya mtu. Yatafuteni kama mnavyotafuta mawe kwenye mchele.

Neno la kwanza ni *kisichozidi* na mwenzake *kisichopungua*. Kifungo kisichozidi miaka kumi kinamwachia hakimu nafasi ya kutoa mwaka mmoja, mitano, au kumi. Kifungo kisichopungua miaka kumi kinamfunga mikono, kwa kuwa hata akimwona mshtakiwa ni kijana wa miaka kumi na tisa aliyetumwa na wakubwa wake, hawezi kushuka chini ya kumi. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, kiwango cha chini ni miaka 30.

Jozi ya pili ni *mahakama inaweza* na *mahakama itatoa*. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inatofautisha hiari na lazima, na tofauti hiyo iko kwenye maneno haya. Kifungu kinachosema mahakama inaweza kuamuru fidia hakimpi mwathirika haki ya kudai fidia hiyo, kinampa matumaini tu.

Jozi ya tatu ni *au* na *pamoja na*. Faini au kifungo ni habari moja, na faini pamoja na kifungo ni nyingine kabisa, hasa kwa mtu asiye na kitu.

Mwishoni mwa muswada kuna sehemu ya Madhumuni na Sababu. Isomeni mwisho, msianze nayo, maana inaeleza nia, na mara nyingine nia ni nzuri lakini maneno ya ibara yanafanya jambo jingine. Mkiona pengo la namna hiyo mmepata hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu mnakubaliana na Serikali kuhusu nia na mnaonyesha tu kwamba maneno hayajaifikia.

Onyo: *kifungo cha nje* ni msemo wa mtaani, na watu huuchanganya na mambo matatu tofauti, yaani kuachiwa na mahakama kwa masharti, huduma kwa jamii, na parole. Huduma kwa jamii ni amri ya mahakama kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, ilhali parole inamhusu mtu ambaye tayari ametumikia sehemu ya kifungo chake gerezani. Msiuandike msemo huo katika maoni yenu bila kusema mnamaanisha kipi.

*Mmefaulu ikiwa* kila mmoja wenu anaweza kueleza ibara mnayoilenga bila karatasi, kwa namna ambayo muuza nyanya wa soko la Majengo ataielewa.

Hatua ya 3: Chagueni maombi yasiyozidi matatu

Kikundi kinachoomba mambo kumi na tano hakikumbukwi hata kwa moja. Chagueni yale mnayoyajua kwa karibu, na mengine yaacheni.

Mkiwa kikundi cha madhehebu mbalimbali, tafuteni ombi ambalo wote mnaweza kulitia sahihi. Adhabu ya kifo ndiyo mfano mgumu kuliko yote. Kanisa Katoliki lilibadilisha Katekisimu yake mwaka 2018 na kuikataa adhabu hiyo moja kwa moja, ilhali wapo wazee wetu wanaosimama kwenye Warumi 13:4 na hawatayumba. Mkitaka kwanza mkubaliane juu ya teolojia, kikao cha Bunge kitaahirishwa ninyi mkiwa bado mnabishana.

Lakini lipo ombi jembamba zaidi. Sheria yetu inampa jaji adhabu moja tu kwa mauaji ya kukusudia, nayo ni kifo, bila kujali mazingira. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya uhai. Mtu anayeunga mkono adhabu ya kifo na mtu anayeipinga wanaweza wote kukubali kwamba jaji apewe uwezo wa kutazama mazingira ya kosa. Kwa msiofahamu, Dodoma ina alama yake katika jambo hili: Jaji James Mwalusanya aliitangaza adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba akiwa Mahakama Kuu ya hapa mwaka 1994, na Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwaka uliofuata. Tangu mwaka huo wa 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, ingawa hukumu zimeendelea kutolewa.

*Mmefaulu ikiwa* kila ombi linaanza na kitenzi na linataja ibara: tunaomba Ibara ya fulani ifutwe, irekebishwe, au iongezwe.

Hatua ya 4: Kusanyeni ushahidi wenu, wa pande zote mbili

Hapa ndipo kanisa lina kitu ambacho wanasheria wengi hawana. Wahudumu wetu huingia magereza ya Isanga na Msalato, hukaa na familia zilizobaki nyumbani, na huzika waliouawa. Lakini maarifa hayo tunayaleta ovyo.

Anzeni na takwimu rasmi. Idadi ya wafungwa na mahabusu, uwezo wa magereza na gharama hutafutwa katika hotuba za bajeti za Wizara ya Mambo ya Ndani na katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti ya Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhiwa kwa Rais mwaka 2023, nayo ni ya kusomwa. Andikeni ukurasa mlipoitoa kila takwimu. Takwimu ya kusikia msiiweke, hata ikiwafaa.

Kisha leteni ushuhuda. Anayekwenda gerezani aende kwa kibali cha mkuu wa gereza na kwa huduma yake ya kawaida, asirekodi sauti wala kupiga picha, na asiandike jina la mfungwa. Shauri ambalo bado liko mahakamani msiliguse kabisa.

Sasa upande wa pili. Wilayani Chamwino tulizungumza na mjane aliyeibiwa maksai wake wawili wa kulimia, wiki mbili kabla ya mvua. Mwizi alikamatwa, akafungwa. Maksai hawakurudi. Tulipomuuliza kama hukumu ilimridhisha, alitazama shamba lililoota magugu, akasema, "Kifungo chake hakilimi." Sentensi hiyo moja ilituandikia hoja nzima ya fidia, nasi tungeikosa kama tungeishia kwenye kuta za gereza.

Onyo: mjumbe wa kamati atawauliza, na ana haki ya kuuliza, "Na huyu aliyeibiwa mmemsikiliza?" Kikundi kinachozungumzia huruma kwa mfungwa peke yake hupoteza chumba kizima katika swali hilo.

*Mmefaulu ikiwa* kila ombi lina takwimu moja yenye chanzo, ushuhuda mmoja kutoka kwa aliyefungwa au familia yake, na mmoja kutoka kwa aliyekosewa.

Hatua ya 5: Andikeni jedwali, si insha

Chukueni karatasi mlalo, mgawe safu nne: ibara ya muswada, maneno yalivyo sasa, maneno mnayopendekeza, na sababu. Nitatumia ibara ya kubuni, ya kujifunzia tu.

Safu ya kwanza: Ibara ya 7.

Safu ya pili: "Mtu atakayetiwa hatiani kwa wizi wa mifugo atahukumiwa kifungo kisichopungua miaka kumi."

Safu ya tatu: "Irekebishwe kwa kufuta neno *kisichopungua* na badala yake kuweka neno *kisichozidi*, na kwa kuongeza mwishoni maneno *na mahakama itaamuru mtu huyo kumlipa mwathirika fidia isiyopungua thamani ya mifugo iliyoibiwa*."

Safu ya nne: sababu mbili au tatu, kila moja sentensi mbili. Kwamba ibara kama ilivyo haitofautishi kijana aliyechukua mbuzi mmoja na genge linalopakia ng'ombe kwenye lori usiku. Kwamba ibara haisemi lolote kuhusu fidia, hivyo mfugaji anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwamba mfugaji wa Bahi akipoteza ng'ombe hupoteza ada ya shule na akiba yake kwa pamoja.

Kwa nini jedwali? Kwa sababu marekebisho yenyewe huletwa bungeni kwa Jedwali la Marekebisho. Mkiandika kwa sura hiyo, mjumbe aliyekubaliana nanyi anaweza kuyachukua maneno yenu kama yalivyo. Mkiandika insha, itabidi mtu mwingine akae usiku kuigeuza, na mtu huyo hayupo.

Jaribuni kujibu swali baya kabla halijaulizwa. Katika mfano huu: asiye na mali atalipa nini? Kama hamna jibu, pendekezo lenu lina tundu. Sisi tulikaa Jumamosi nzima kwenye swali hilo moja, na tukaongeza maneno yanayoruhusu malipo kwa awamu.

*Mmefaulu ikiwa* kurasa hazizidi nne, na mtu akisoma safu ya tatu peke yake anajua mnachotaka.

Hatua ya 6: Iwekeni Biblia mahali pake

Aya moja, mwanzoni, inatosha. Elezeni imani yenu inavyowaleta kwenye jambo hili, kisha ingieni kwenye ibara. Chagueni andiko linalogusa hoja yenyewe. Kwa fidia ya mifugo, Kutoka 22:1 linamtaka mwizi aliyemchinja au kumuuza mnyama alipe ng'ombe watano kwa mmoja na kondoo wanne kwa mmoja, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Kigogo analielewa bila mahubiri. Kwa viboko, Kumbukumbu la Torati 25:3 linaweka ukomo ili ndugu asidharauliwe.

Bunge linatunga sheria ya Waislamu, Wakristo na wasio na dini, kwa hiyo kila hoja iweze kusimama hata kwa asiyeamini andiko lenu. Masheikh wa mtaa wenu wakikubaliana nanyi katika ombi moja, ombeni sahihi yao.

Hatua ya 7: Wasilisheni na mzungumze

Barua iandikwe kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, ikitaja jina kamili la muswada. Pelekeni kwa njia iliyotajwa kwenye tangazo, na mkipeleka kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Chapeni nakala za kutosha wajumbe wote siku moja kabla, kwani umeme ukikatika asubuhi ya kikao, stesheneri zote za mjini hugeuka vyumba vya maombi.

Siku ya kikao, vaeni nguo za heshima, bebeni vitambulisho, na mfike mapema kwa ajili ya ukaguzi getini. Msemaji awe mmoja. Anaanza na "Mheshimiwa Mwenyekiti", anajitambulisha, kisha anasema, "Tuna maombi mawili, la kwanza linahusu Ibara ya 7." Fanyeni mazoezi kwa saa ya simu, dakika tano tu, maana mkiwa wadau wengi hamtapewa zaidi, na wachungaji, mnisamehe, tuna tabia ya kudhani dakika tano ni salamu.

Mkiulizwa jambo msilolijua, semeni mtalileta kwa maandishi, na mlilete kweli. Msitaje chama chochote cha siasa. Msiahidi kura na msitishie kunyima kura, kwa sababu siku hiyo mtakuwa mmeacha kuwa kanisa.

*Mmefaulu ikiwa* mjumbe hata mmoja amewauliza swali kuhusu maneno mliyopendekeza. Makofi si kipimo.

Hatua ya 8: Fuatilieni hadi kanuni zitoke

Kabla ya kusomwa mara ya pili, mpelekeeni mbunge wenu na wajumbe waliowauliza maswali lile jedwali, likiwa ukurasa mmoja. Sikilizeni taarifa ya kamati itakaposomwa bungeni, mkiwa na penseli ile ile.

Rais akishauridhia muswada kwa mujibu wa Ibara ya 97 ya Katiba, tafuteni sheria iliyochapishwa na muilinganishe na jedwali lenu neno kwa neno. Angalieni pia tarehe ya kuanza kutumika, kwa kuwa mara nyingine sheria humpa Waziri kazi ya kuitangaza baadaye. Kisha kuna kanuni zinazotungwa na Waziri, ambazo ndizo zinazosema fidia italipwa vipi, kwa nani, na fomu ipi. Wengi huwa wameshatawanyika wakati huo, na maoni machache yanayofika wizarani husomwa kwa makini zaidi.

Wekeni faili lote, pamoja na nakala yenye muhuri, katika kabati la ofisi ya kanisa. La kwetu lilikuwa nyumbani kwa katibu, naye akahamishiwa Singida kikazi katikati ya Desemba. Ilituchukua miezi mitatu kulipata, likiwa chini ya godoro, na ukurasa wa jedwali haukuwemo.